Nani Anavuta Nyumbani?

Kila asubuhi, kabla chai haijaiva, kazi ya kwanza nyumbani kwa Fundi ilikuwa kumvutisha Kasuku dawa.

Kasuku alikuwa binti wa miaka mitano, kitinda mimba wa nyumba. Jina hilo alilipata kwa sababu ya domo lake. Akisikia neno mahali, lazima alirudie mbele za watu, tena kwa sauti. Lakini mtoto huyu alikuwa na pumu. Ikimshika, domo lote hilo linafunga, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani unasikia mluzi mwembamba kama wa birika linaloanza kuchemka. Dawa yake ilikuwa ya pampu, na kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kuivuta vizuri kwa mdomo mtupu, baba yake alitoboa tako la chupa ya maji. Pampu ikachomekwa huku, mtoto akaweka mdomo kule.

Aliyemsimamia ni kaka yake, Ngongoti, kijana wa miaka kumi na minne. Alikuwa mrefu na mwembamba, miguu utadhani inaanzia kifuani. Wenzake shuleni ndio waliombandika jina hilo la wacheza ngoma juu ya miti mirefu, na nyumbani wakalidaka.

"Haya, toa pumzi yote," alisema asubuhi ile, amepiga magoti mbele ya mdogo wake. "Sasa vuta. Polepole, huendi popote. Shikilia, shikilia... Achia."

"Nimevuta vizuri?"

"Umevuta kama bingwa."

"Na wewe kaka, umeshavuta yako?"

Ngongoti akageuka haraka kutazama mlangoni. Mama alikuwa uani, anatia mafuta cherehani. "Shh! Nilikwambia nini?"

"Nisiseme."

"Basi."

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanzia, katika hilo neno la kuvuta. Miezi michache nyuma, Ngongoti alikuwa amezoeana na kijana mmoja aliyejaza upepo kwenye matairi karibu na shule. Walimwita Bosi, ingawa bosi wa nini, hakuna aliyejua. Bosi alimpa sigara ya kwanza bure. Ilimkohoza mpaka machozi yakamtoka, na waliokuwapo wakamcheka wakisema bado ananyonya. Kwa kuogopa kuchekwa akavuta ya pili. Ya tatu aliiomba mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyempa cha bure tena. Fedha ya chakula cha mchana ikawa ya sigara. Alishinda na njaa mpaka jioni, na akikaribia nyumbani alitafuna ganda la chungwa ili kuua harufu.

Mahali pake palikuwa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba alicholala na mdogo wake. Siku moja Kasuku alichungulia dirishani akamkuta na moshi unamtoka puani.

"Kaka, unafanya nini?"

"Navuta dawa," Ngongoti akajibu bila kufikiri. "Na mimi kifua kinanibana. Ila usimwambie mama, atasononeka."

Kasuku akamwonea huruma. Ngongoti naye akajisifu moyoni kwamba hakudanganya sana, maana kuvuta si ni kuvuta? Loo, kijana! Ujanja wa namna hiyo humpendeza mwenyewe kwa siku mbili tatu tu.

Asubuhi ile ilikuwa siku ya Kasuku kwenda zahanati. Pumu ilikuwa imemzidi, kila jioni kifua, kila jioni kifua, na mama alichoka kukisia sababu. Paka alishapewa majirani. Blanketi la manyoya lilishatolewa nje. Mama akamchukua mtoto, na Ngongoti akafuatana nao ili kusaidia kumbeba.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Watu wote walimwita Sista. Alimwekea Kasuku kipimo mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Vuta. Toa. Vuta tena. Hmm." Akavua kipimo masikioni. "Mama, nyumbani nani anavuta?"

"Hakuna, Sista. Mume wangu hata harufu ya sigara haitaki."

"Mimi navuta!" Kasuku akadakia, amekaa mapajani mwa kaka yake. "Mimi na kaka!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata waliokuwa wanasubiri kwenye benchi mlangoni walicheka.

"Anasema kweli," mama akaeleza huku anajifuta macho. "Kaka yake ndiye anayemvutisha dawa. Bila yeye mtoto havuti."

"Kaka mzuri," Sista akasema, akampiga Ngongoti begani. "Endelea hivyo hivyo."

Ngongoti naye alicheka, tena kuliko wote, huku jasho linamtiririka mgongoni. Ukweli ulisemwa waziwazi mbele ya mama yake na mbele ya Sista, na hakuna aliyeusikia. Aliona kwamba ameponea chupuchupu, lakini kwa namna fulani hakufurahi.

"Basi itakuwa vumbi," Sista akaendelea. "Baba yake anafanya kazi gani?"

Baba yake alikuwa fundi wa makochi. Alifanya kazi uani, chini ya kibanda cha mabati alichokijenga kwa mikono yake. Humo alikata sponji, alipiga randa mbao, alipaka gundi, na mama alishona vitambaa vya kuvalisha. Wateja walizoea. Aliyetaka kochi alipiga hodi tu, akakaa kwenye lililo tayari, akalijaribu, wakakubaliana huku wanacheka. Na Kasuku alikuwa anapita katikati yao, anarudia bei kwa sauti.

"Vumbi la sponji na harufu ya gundi si vitu vya mtoto mwenye pumu," Sista akasema. "Ikiwezekana, kazi ihame."

Jioni mama alipomweleza mumewe, Fundi hakubisha. Alikaa kidogo, akainuka, akatafuta nyundo.

"Sasa hivi?" mama akauliza.

"Unataka nisubiri nini? Kochi nitatengeneza jingine. Pafu la mtoto halina spea."

Ngongoti ndiye aliyeshika ngazi. Baba yake alikuwa juu, anang'oa misumari mmoja mmoja na kuiweka mdomoni ili isipotee. Kila bati lilipotoka, mwanga wa jioni uliingia zaidi, mpaka ua ukabaki mtupu na alama nne za nguzo ardhini. Ngongoti alisema moyoni kwamba atakiri baba akishuka. Baba akashuka, akatema misumari kiganjani, akasema, "Asante, mwanangu." Ngongoti akarudisha ngazi ukutani.

Fundi akapata nafasi kando ya barabara, mbali, nyuma ya karakana ya mchomeleaji. Aliondoka kabla jua halijatoka na kurudi amechoka hoi. Wateja wa zamani hawakujua alikohamia, na wapya walimpita tu. Paa lenyewe lilikuwa la turubai kuukuu. Mvua ya kwanza iliponyesha, kochi lililokuwa limemalizika likaloa mpaka ndani. Mteja aliyeliagiza alipolibonyeza na kuona maji yanatoka, alikataa kulichukua.

Na je, Kasuku alipona? Thubutu! Mluzi wa kifuani ulirudi vilevile, jioni baada ya jioni. Angeponaje? Alikuwa anapenda kulala amejifunika sweta la kaka yake, lile lile lililokunywa moshi wa sigara chini ya dirisha.

Ngongoti alijaribu kuacha. Alivumilia siku nzima na ya pili yake. Kichwa kikamgonga, mikono ikakosa pa kukaa, na kila mtu akamwona adui. Kasuku alipomwuliza swali dogo tu, alimfokea mpaka mtoto akajificha nyuma ya cherehani. Kwa aibu ya hapo akaenda zake kwa Bosi.

"Nilijua utarudi," Bosi akasema, akampa huku anacheka. "Wanaume hawaachi. Mimi sigara imenifanya nini?" Alipomaliza kusema hivyo akakohoa, akainama, akatema mate pembeni ya tairi.

Siku moja ya mapumziko Ngongoti alikwenda kumsaidia baba yake kubeba kochi hadi kwa mteja. Fundi alitangulia mbele, yeye nyuma. Kabla hawajavuka hata kona, kifua cha Ngongoti kikaanza kuwaka, akaomba watue.

"Kijana mzima unahema kama mzee?" baba akamtazama usoni. "Isije ikawa na wewe una pumu. Kesho nitakupeleka kwa Sista."

"Hapana, baba. Ni jua tu."

Fundi akavua kofia yake, akamvalisha mwanawe, wakainua tena. Ngongoti aliona afadhali angepigwa.

Kisha ikaja ile alasiri ya mvua. Mama alikwenda sokoni kununua vitambaa, akamwachia Ngongoti mtoto. Kasuku alikuwa sebuleni anacheza na vipande vya nguo. Nyuma ya nyumba kulijaa maji, na hamu ya sigara ilikuwa imembana Ngongoti tangu asubuhi. Akaingia chumbani, akarudishia mlango, akasimama karibu na dirisha ambalo aliliacha wazi kidogo tu kwa ajili ya mvua. Akawasha.

Moshi haukutoka nje. Upepo uliurudisha ndani, ukatanda chumba kizima. Mlango ukafunguka, na Kasuku akaingia na chupa yake yenye pampu mkononi, anatabasamu.

"Kaka, unavuta peke yako? Tuvute wote. Nihesabie."

"Toka nje! Toka!"

Lakini Kasuku alishaweka mdomo kwenye chupa, akatoa pumzi yote kama alivyofundishwa, halafu, kati ya moshi ule, akavuta. Alivuta kwa nguvu zote ili kaka yake amwite bingwa.

Akakohoa. Akakohoa tena, na mara hii kikohozi hakikumalizika. Ngongoti akatupa sigara nje, akamkumbatia, akampeleka sebuleni. Alibonyeza pampu na kuibonyeza tena, lakini ilitoa hewa tupu. Kwa jinsi mtoto alivyoitumia mwezi huo, dawa ilikuwa imekwisha bila mtu kutambua. Midomo ya Kasuku ikaanza kubadilika rangi. Domo lile lisilonyamaza likawa linafunguka na kufunga bila sauti.

Ngongoti akamtia mgongoni akatoka mbio kwenye mvua. Miguu yake mirefu ilijua kukimbia. Zamani, kabla ya Bosi, hakuna aliyemfikia katika mbio za shule. Lakini safari hii hata nusu ya njia hakufika. Kifua kilimkaba, macho yakaona giza, akapiga goti kwenye tope na mtoto mgongoni. Alitaka kupiga kelele, pumzi ya kupiga kelele hana.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni uliosheheni magunia akamwona. Hakuuliza mengi. Aliuacha mkokoteni katikati ya njia, akamnyakua Kasuku. "Zahanati?" Ngongoti akatikisa kichwa kukubali. Yule mtu akakimbia. Ngongoti akabaki nyuma anajikokota na kulia, anatazama miguu midogo ya mdogo wake ikining'inia mikononi mwa mtu asiyemjua, inazidi kuwa mbali. Wakati huo alijua kwamba Kasuku akifa, yeye ndiye aliyemwua.

Alipofika, walikuwa wamekwisha kumlaza kitandani. Amefunikwa pua na mdomo kwa kifuniko chenye mrija, dawa inatoka kama mvuke.

"Vuta, mama, vuta," Sista alikuwa anambembeleza. "Vuta tena. Usilale, nitazame mimi. Vuta."

Kila neno hilo lilipotajwa, Ngongoti alishtuka kana kwamba ameitwa yeye.

Baadaye sana mluzi ukapungua, na vidole vya Kasuku vikarudia rangi yake. Mama alifika amelowa chapachapa, kitambaa cha kichwani kimemwangukia mabegani. Alimshika mtoto miguu, maana ndiko kulikokuwa wazi, akageuka kwa Sista.

"Nimekosea wapi? Paka nimetoa. Blanketi nimetoa. Mume wangu nimemfukuza uani kwake mwenyewe. Itakuwa cherehani, Sista, nyuzi na vumbi la vitambaa. Kesho naitoa. Nitafua nguo za watu, nitafanya lolote."

Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inawalisha tangu kazi ya baba iyumbe. Ngongoti alitazama mikono ya mama yake iliyokuwa bado imeshika miguu ya mtoto, akahisi kwamba akinyamaza safari hii, hatasema tena maisha yake yote.

"Mama, usitoe cherehani. Ni mimi. Mimi navuta."

"Unavuta nini, mwanangu?" mama akauliza kwa upole, kwa uchovu. "Na wewe una pumu?"

Hapo neno likamsaliti. Ilimbidi aseme lile jingine. "Sigara, mama. Chini ya dirisha. Na leo ndani ya chumba. Kasuku nilimdanganya kwamba ni dawa, akaja tuvute pamoja."

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, pale pale miguuni mwa kitanda, akajifunika uso kwa kile kitambaa. Ngongoti alisimama anamsikiliza analia, hajui pa kuweka mikono. Sista akavua miwani yake, akaifuta, akairudisha.

"'Mimi na kaka,'" akasema polepole. "Mtoto alituambia, na sisi tukacheka."

Fundi naye alifika, amekwisha kuelezwa mlangoni. Alimgusa Kasuku shavuni, kisha akakaa kwenye benchi karibu na mwanawe bila kumtazama.

"Nilipobomoa kibanda, wewe ndiye uliyenishikia ngazi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ukanitazama mpaka bati la mwisho."

"Ndiyo, baba."

"Sijui nikupige au nikulilie," Fundi akasema. Hakufanya hata kimoja. Alishika paji la uso kwa mikono yote miwili, na Ngongoti aliona mikono hiyo imejaa gundi iliyokauka.

Sista akavuta kiti, akakaa mbele yao.

"Sikiliza, kijana. Nilipouliza nani anavuta, sikuwa mbea. Moshi wa sigara hauishi pale unapozima kipande. Unakaa kwenye nywele, kwenye sweta, kwenye godoro, na mwenye pumu ndiye anayeulipia. Na wewe hujabaki salama. Mapafu ya umri wako bado yanakua. Ukiyatia moshi, yanadumaa. Leo umeshindwa kukimbia na mtoto mgongoni. Ukiendelea, utashindwa kupanda ngazi, halafu kitandani kama hapa utalala wewe."

"Nilijaribu kuacha, Sista. Nikashindwa, nikarudi kwa rafiki yangu anayejaza matairi."

"Najua. Kuna kitu ndani ya tumbaku kinachoshika akili ya mtu, na akili changa hushikwa upesi zaidi. Ndiyo maana anayeanza na umri wako huzeeka nacho. Kuacha peke yako, tena kwa siri, ni kujitesa. Utakuja kwangu kila wiki. Ukiteleza, utaniambia umeteleza. Ukimwona huyo rafiki yako wa matairi, utapita njia nyingine."

Fundi akainua kichwa. "Kuacha tutakusaidia sote. Ukikosa usingizi, niamshe. Ukitaka kufoka, nifokee mimi, si mtoto. Lakini kusema ukweli ni kazi yako mwenyewe, mwanangu, hiyo siwezi kukufanyia. Ungesema siku ile niko juu ya ngazi, ningekasirika, ningekuchapa pengine. Ila mdogo wako asingefika hapa."

Kuacha hakukuwa mchezo. Ngongoti aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kwa Sista kichwa chini akasema. Sweta lilifuliwa na kuanikwa juani mpaka likapauka. Cherehani ilibaki. Kibanda kilirudi uani kwa ajili ya mbao na vitambaa tu, sponji na gundi zikabaki kule kwa mchomeleaji, na ngazi alishika Ngongoti tena. Wateja hawakurudi wote. Wengine walikuwa wamekwisha kuzoea mafundi wengine, na Fundi aliendelea kuwataja mmoja mmoja kila kazi ilipopungua. Kila alipowataja, Ngongoti aliinama akaendelea kukata mbao.

Kasuku alianza kukaa siku nyingi bila mluzi. Lakini sweta la kaka yake hakulitaka tena, hata liliposafishwa. Alilala upande wa ukutani, amejifunika shuka lake.

Zamu yao ya zahanati ilipofika tena, Sista alimwekea kipimo mgongoni, akasikiliza, akatabasamu. Halafu akauliza kama anavyouliza kila mtu.

"Haya, nyumbani nani anavuta?"

Mama akamtazama Ngongoti. Kasuku hakudakia kama zamani. Aligeuka mapajani mwa kaka yake, akashika mkono wa shati lake, akauleta puani, akanusa. Ngongoti akatulia tuli. Mtoto akavuta mkono wa pili, akanusa na huo.

"Mimi," akasema. "Mimi peke yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka.